Kura Huanzia Daftarini: Nani Aandikishwe, na Wapi

Kila uchaguzi una watu wake wanaorudi nyumbani bila kupiga kura. Mtu huamka kabla ya jogoo kuwika, huvaa koti lake, hushika kitambulisho mkononi na kusimama katika foleni kwenye uwanja wa shule, huku umande ukiwa bado majanini. Zamu yake ifikapo, huweka kidole juu ya mashine. Karani hutafuta, hutafuta tena, kisha hutikisa kichwa. Jina halimo. Mtu huyo hulalamika, huonyesha kitambulisho chake, huwaita majirani wamshuhudie kwamba yeye ni mwenyeji wa pale tangu kuzaliwa. Majirani hukubali, na karani naye hukubali, lakini kura hapewi.

Mtu huyo hakunyimwa haki yake asubuhi ile. Aliipoteza miezi mingi kabla ya hapo, siku ile makarani wa uandikishaji walipoketi sokoni karibu na kwake, naye akapita na kikapu chake akisema atarudi kesho. Kura hupigwa siku ya uchaguzi, lakini hupatikana siku ya kuandikishwa. Asiyejua jambo hili hujua siasa nyingi na asipate faida yake.

Neno hili ni zito zaidi katika uchaguzi wa mitaa kuliko katika uchaguzi wa Rais. Rais huchaguliwa na mamilioni ya watu. Bali Mwakilishi wa Wadi huchaguliwa na watu wa mitaa michache au vijiji vichache, na watu kadhaa waliosahau kujiandikisha waweza kuwa ndio waliompa mtu kiti au kumnyima.

DAFTARI LILIPOKUWA LA WACHACHE

Yafaa kukumbuka kwamba haki ya kuandikishwa haikuwa ya kila mtu katika Kenya. Nairobi ilikuwa na Baraza la Manispaa tangu mwaka 1919, na mwaka 1950 ikapewa hati ya kifalme ya kuwa jiji. Waafrika ndio waliokuwa wengi mjini, ndio waliochimba mitaro na kujenga nyumba, walakini hawakuwa na haki ya kuchagua madiwani kama Wazungu walivyokuwa nayo. Waafrika wachache walioingia katika baraza hilo katika miaka ya 1940 waliteuliwa. Hawakuchaguliwa na wenzao. Huko mashambani yalikuwako mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa katika miaka ya 1920, lakini mwenyekiti wake alikuwa Bwana D.C., na neno la mwisho lilikuwa la Serikali.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwenye kutaka kuandikishwa alipaswa awe amefikia umri wa miaka 21, tena aonyeshe sifa mojawapo iliyokubaliwa: elimu ya kadiri fulani, au mapato ya pauni 120 kwa mwaka, au mali yenye thamani ya pauni 500, au utumishi wa miaka mingi, na nyinginezo. Aliyekuwa na sifa kadhaa aliongezewa kura, hata akaweza kuwa na kura 3 peke yake. Tena Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha uaminifu, kwa sababu Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Watu wote walioandikishwa katika nchi nzima walikuwa kama 126,000 tu.

Maana ya hesabu hiyo ni rahisi kuiona. Karani aliyesoma, mwenye mshahara mzuri na miaka mingi kazini, aliweza kusimama mbele ya sanduku akiwa na kura 3 mkononi. Mkulima jirani yake, mwenye shamba dogo na asiyekwenda shule, huenda hakuwa na hata moja, ingawa mahindi ya karani yule yalitoka katika shamba lile lile. Nchi ilimpima mtu kwa fedha na vyeti kabla ya kumwuliza neno.

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Baada ya mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960, aliyejua kusoma au kuandika lugha yake, au aliyepita umri wa miaka 40, au aliyepata pauni 75 kwa mwaka, aliweza kuandikishwa. Na katika uchaguzi wa Februari 1961 walioandikishwa wakapita milioni 1. Mwezi wa Mei 1963 sifa za elimu na mali ziliondolewa kabisa, na kila mtu mzima akawa na kura moja. Mwaka 1974 umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka miaka 21 hadi miaka 18. Hivyo kijana wa leo anayeona uvivu kwenda kuandikishwa hupewa bure kitu ambacho babu yake alikidai kwa miaka mingi.

MADIWANI WALIOONDOKA

Katika siku za uhuru wananchi walianza kuona watu wao wakiketi katika viti vya miji. Charles Rubia alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, mwaka 1962. Kuanzia mwaka 1965 Bibi Grace Onyango alikuwa Meya wa Kisumu, na wengi waliodhani kwamba mambo ya mji ni ya wanaume peke yao wakapata la kufikiri.

Lakini kiti cha diwani chaweza kuondolewa, na hapo ndipo thamani yake huonekana. Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na mahali pake ikawekwa tume ya watu walioteuliwa. Tume hiyo ilikaa hadi mwaka 1992. Kwa muda wa miaka 9 mwenyeji wa Nairobi alilipa ada za jiji, akanywa maji ya jiji, akaruka mashimo ya barabara za jiji, wala hakuwa na diwani hata mmoja aliyemchagua yeye mwenyewe ili amwulize habari za mambo hayo.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na Katiba ya mwaka 2010. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza yote 175 ya serikali za mitaa yaliisha, ya majiji, ya manispaa, ya miji na ya wilaya. Mahali pake zikaja serikali za kaunti 47, na nchi ikagawanywa katika wadi 1,450, kila wadi na mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Nairobi ina wadi 85, Nakuru 55, Kisumu 35 na Mombasa 30.

Wako watu ambao hadi leo huuliza diwani wao wa manispaa ni nani. Manispaa zingaliko, tena zina bodi zake. Lakini wajumbe wa bodi hizo hawapigiwi kura na wananchi. Huteuliwa na gavana, na bunge la kaunti hutoa idhini. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kupanga mjini, au mwenye kibanda sokoni, akitaka neno lake lisikike katika mambo ya mji, ana njia mbili za kura: gavana wa kaunti, na Mwakilishi wa Wadi anayemthibitisha au kumkatalia gavana yule watu wake, sheria zake na makadirio yake ya fedha.

Na fedha zenyewe si kidogo. Katiba yaagiza kwamba kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Zahanati na vituo vya afya ni kazi ya kaunti. Kadhalika masoko, leseni za biashara, takataka, maji, taa za barabarani, shule za chekechea, barabara za kaunti, machinjio, na kumleta bwana shamba kwa mkulima mwenye ng'ombe wagonjwa. Kodi ya viwanja nayo hutozwa na kaunti. Hakuna siku ambayo mtu aweza kuishi tangu asubuhi hadi usiku bila kugusa mojawapo ya mambo hayo.

ANAYEFAA KUANDIKISHWA

Katiba, katika kifungu cha 83, yataja sifa chache tu za mpiga kura. Awe raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Asiwe mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Basi.

Yatazamwe pia mambo ambayo hayamo. Hakuna anayeuliza mtu amefika darasa gani, wala ana shamba la ekari ngapi, wala analipa kodi kiasi gani. Mpangaji ana haki sawa na mwenye nyumba. Mke hahitaji ruhusa ya mume, wala mfanyakazi hahitaji barua ya tajiri wake. Kabila na dini hazina nafasi katika jambo hili. Tena kifungu hicho hicho chaagiza kwamba taratibu za kuandikisha na kupiga kura zipangwe kwa namna ya kumrahisishia raia mwenye haki, wala si kwa namna ya kumnyima.

Hati inayotakiwa ni moja kati ya mbili: kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Kijana aliyetimiza miaka 18 huomba kitambulisho, hupewa karatasi ya kungojea, naye huiweka mfukoni akidhani imetosha. Haitoshi. Makarani hawataiandikisha. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayemaliza kidato cha nne afanya vema kumhimiza aombe kitambulisho mara atimizapo umri, asingoje mpaka matarumbeta ya wagombea yaanze kulia. Safari ya kura huanzia katika ofisi ya vitambulisho.

MTU MMOJA, MAHALI PAMOJA

Kifungu hicho chaongeza jambo ambalo wengi hulisikia bila kulifikiri: raia ataandikishwa katika kituo kimoja tu. Hawezi kuandikishwa mjini anakofanya kazi na tena kijijini alikozaliwa. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi 6: ya Rais, ya gavana, ya seneta, ya mjumbe wa Bunge la Taifa, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, na ya Mwakilishi wa Wadi. Kura ya Rais ni ile ile popote mtu aliposimama, Lodwar au Likoni. Lakini zile karatasi 5 hufuata mahali. Kwa sababu hiyo Wakenya walioandikishwa nchi za nje, kama vile wale waliopiga kura Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi mwaka 2013, walipewa karatasi ya Rais peke yake. Kwa kuwa hawana wadi huko, hawawezi kuwa na Mwakilishi wa Wadi. Basi mtu achaguapo mahali pa kuandikishwa, huwa amekwisha kuchagua ni serikali gani ya kaunti atakayoiuliza habari kwa miaka 5.

Mathalani, yupo karani katika mji wa Nakuru ambaye kwao ni Vihiga. Amekaa Nakuru miaka 11. Watoto wake wamezaliwa huko, mke wake ana kibanda cha mboga sokoni, na kila mwezi yeye hulipa kodi ya nyumba mtaani. Lakini jina lake liko katika daftari la kijijini, kwa kuwa aliandikishwa huko alipokuwa kijana. Uchaguzi ufikapo hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hupiga kura, hula ugali wa mama yake, kisha hurudi Nakuru na kukuta wengine wamekwisha kumchagulia gavana na Mwakilishi wa Wadi. Mke wake anapopandishiwa ushuru wa soko, hana mtu wa kumwendea akasema, “Mimi nilikupa kura yangu.”

Karani huyo akienda kwa baba yake kumweleza kwamba ataka kuhamisha jina lake, mzee hatafurahi mara moja. “Mwanangu,” atasema, “ukitoa jina lako hapa, watu watasema umeuza kwenu. Na zahanati yetu haina dawa. Nani ataisemea?”

“Baba,” mwana atajibu, “sijauza kwetu. Kaburi la babu liko hapa, na shamba liko hapa. Lakini mimi huamka Nakuru siku 350 katika mwaka. Zahanati ya hapa ninaisikia kwa simu. Ile ya Nakuru mjukuu wako amelazwa sakafuni.”

Mzee atanyamaza, atachokoa moto kidogo, kisha atasema, “Basi nenda ukaandikishwe pale watoto wako wanapolala. Mimi na mama yako tungali na kura zetu mbili hapa. Zahanati tutaisemea wenyewe.”

Mwingine aweza kuamua kinyume chake wala asiwe amekosea. Yuko mtu anayefanya kazi mjini kwa muda tu, ambaye mke, watoto, ng'ombe na majani ya chai yake yako kijijini. Kila mwisho wa mwezi yuko huko, na barabara ya kupelekea majani ya chai kituoni ndiyo barabara yake. Huyo afaa kuandikishwa kwao. Kosa ni kuliacha jina mahali fulani kwa mazoea, bila kujiuliza hata siku moja: ni serikali ya kaunti ipi inayogusa chakula, maji na afya ya nyumba yangu?

Miji ndiyo inayoumizwa sana na mazoea hayo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 walioandikishwa huko walikuwa 2,415,310. Watoto ni wengi katika tofauti hiyo, ndiyo. Lakini kila mkazi wa jiji anawajua jirani zake wawili watatu ambao ni watu wazima, wenye vitambulisho, na majina yao yako mbali. Mtaa ambao wakazi wake wengi wanapiga kura mahali pengine ni mtaa ambao mgombea aweza kuupita bila kusimama.

NAMNA YA KUANDIKISHWA NA KUHAMA

Kazi ya kuandikisha ni ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Kwa sheria uandikishaji ni wa wakati wote, wala si wa msimu. Mtu aweza kwenda katika ofisi ya Tume ya eneo bunge lake, nayo maeneo bunge ni 290. Lakini uandikishaji husimamishwa uchaguzi unapokaribia, na kiti kinapotangazwa kuwa wazi uandikishaji husimama mahali hapo mpaka uchaguzi mdogo uishe. Mara kwa mara Tume huwatuma makarani wake karibu na watu, katika shule na masoko, kwa siku zilizotangazwa. Hizo ndizo siku za foleni fupi kwa anayewahi, na foleni ndefu kwa anayengoja siku ya mwisho.

Mtu huenda yeye mwenyewe. Hawezi kumtuma ndugu. Huonyesha kitambulisho au pasipoti halisi, huandikwa majina yake, huchukuliwa alama za vidole na picha ya uso, kisha hupewa stakabadhi. Mashine hizo zilianza kutumiwa katika nchi nzima mwishoni mwa mwaka 2012, na kwa siku 30 zikaandikisha watu zaidi ya milioni 14. Sababu ya kuzileta yajulikana. Baada ya msiba wa uchaguzi wa mwaka 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilieleza mwaka 2008 kwamba daftari la zamani lilikuwa na majina ya wafu wapatao milioni 1.2. Daftari lenye wafu ni shamba lisilo na ua. Kila mwenye njaa aweza kuingia na kuvuna asichopanda.

Aliyekwisha kuandikishwa akitaka kuhama, haandikishwi upya. Huenda katika ofisi ya Tume na kuomba jina lake lihamishwe, nalo hutolewa kule na kutiwa huku. Sheria yataka ombi hilo lifike siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Kwa Katiba uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Ule wa mwaka 2022 ulikuwa tarehe 9 Agosti, na kwa hesabu hiyo unaofuata waangukia tarehe 10 Agosti 2027. Ukihesabu siku 90 kurudi nyuma, mwisho wa kuhama wafika kabla ya katikati ya mwezi wa Mei.

MAKOSA YANAYOPOTEZA KURA

La kwanza ni kutokulikagua daftari. Kabla ya uchaguzi mkuu Tume hulifungua daftari kwa siku 30 ili kila mtu ahakikishe habari zake. Karani ni binadamu. Aweza kuandika nambari moja kwa kosa, au kumpeleka mtu katika kituo kisicho chake. Kosa likionekana wakati huo husahihishwa. Likionekana asubuhi ya uchaguzi, hakuna dawa.

La pili ni kubadili hati. Aliyeandikishwa kwa pasipoti aje na pasipoti ile siku ya kura. Aliyeandikishwa kwa kitambulisho aje nacho. Aliyepoteza kitambulisho aombe kingine mapema, kwa maana hakipatikani kwa siku moja.

La tatu ni kuweka kitambulisho rehani. Katika vijiji na mitaa mingi mtu hudaiwa dukani au katika kilabu cha pombe, akaacha kitambulisho mpaka atakapolipa. Siku ya uchaguzi mwenye duka amesafiri. Wako pia wanaopita usiku kununua vitambulisho kwa fedha kidogo, si ili wavitumie, bali ili wenyewe wasivitumie. Hongo ya namna yoyote katika uchaguzi ni kosa la jinai, kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Mwenye kuuza kitambulisho kwa bei ya kilo mbili za sukari ameuza dawa za zahanati za miaka 5.

La nne ni hofu ya vidole. Mkulima aliyeshika jembe miaka 40, au mwashi aliyeshika saruji, aweza kukuta alama za vidole vyake zimefutika, mashine ikakataa kumtambua. Asirudi nyumbani kwa aibu. Upo utaratibu wa kulitafuta jina lake kwa nambari ya hati yake na kujaza fomu mbele ya mawakala wa wagombea, kisha apige kura yake. Afaa kuuliza kwa adabu, tena asiondoke mpaka apate jibu.

La tano ni kuamini kwamba alama ya kidole yaweza kuonyesha mtu alimpigia nani kura. Mashine humtambua mtu mlangoni tu. Karatasi atakayoitia alama ndani ya kibanda haina jina lake wala kidole chake. Hakuna chifu, tajiri, mume wala mgombea awezaye kuijua.

JINA LIKIWAMO

Katika mwaka 2013 walioandikishwa walikuwa milioni 14 na zaidi. Mwaka 2017 walikuwa 19,611,423. Na mwaka 2022 wakafika 22,120,458. Daftari linakua. Lakini kukua kwa daftari la taifa hakumsaidii mtu ambaye jina lake halimo, wala mtaa ambao majina ya watu wake yako mahali pengine.

Mwaka 1957 mwananchi aliulizwa shule yake, mshahara wake na mali yake kabla ya kuandikwa. Leo huulizwa kitambulisho chake, na mahali anapotaka kupiga kura. Swali la kwanza hujibiwa kwa hati. La pili hujibiwa nyumbani, jioni, mume na mke wakiwa wameketi pamoja, wakihesabu ni maji ya wapi wanayokunywa na ni njia ipi mtoto wao anayoipita kwenda shule. Wakiisha kukubaliana, asubuhi waende wote wawili katika ofisi ya Tume, wasingoje siku ya mwisho. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.